Vitonge vya Chokoleti Visivyo na Maziwa: Tui, Tende, Karanga au Kiazi kwa Jiko la Tabora

Anayetaka kutengeneza nyumbani vitonge vya chokoleti visivyopita kwenye oveni, na visivyo na maziwa, siagi ya ng'ombe wala mayai, atakuta maelekezo mengi ambayo karibu yote yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na jokofu lisilozimika. Hapa Tabora hali ni nyingine. Kati ya Septemba na Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, umeme hukatika bila taarifa, na chokoleti nzuri ni bidhaa ya kutafutwa katika duka moja baada ya jingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kitonge kipi ni kitamu zaidi, mpishi wa hapa anapaswa kujiuliza kitakaa wapi, na kwa muda gani, kabla ya kuliwa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo nililolifuata katika ulinganisho huu.

Njia ninazozilinganisha ni nne: chokoleti nyeusi iliyolainishwa kwa tui zito la nazi, tende zilizosagwa pamoja na kakao, siagi ya karanga iliyochanganywa na kakao, na kiazi kitamu kilichopondwa pamoja na chokoleti. Zote nne zinamfaa mtu asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, awe Msabato aliyeamua kuishi kwa vyakula vya mimea pekee, mtu ambaye tumbo lake halivumilii maziwa, au mgeni aliyefika na msimamo wake ambao mwenyeji anataka kuuheshimu.

Kinachozitofautisha zaidi ni namna kitonge kinavyoshikana. Siagi ya kakao, ambayo licha ya jina lake ni mafuta ya mbegu za mkakao na haina maziwa hata tone, huyeyuka ikifika nyuzi kama 34, na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Mafuta ya nazi huyeyuka mapema mno, kwenye nyuzi kama 24. Maana yake kwetu ni kwamba mafuta ya nazi yaliyokutwa yameganda ndani ya chupa asubuhi ya Julai huwa yamekwisha kuwa maji ifikapo saa nane mchana, na kitonge kilichoshikiliwa na mafuta hayo peke yake hakiwezi kusimama. Tende haingoji mafuta yagande, kwa kuwa hushikana kwa sukari yake nzito na nyuzinyuzi zake. Karanga iliyosagwa ina mafuta mengi ambayo ni ya majimaji wakati wote, hivyo hushikiliwa na unga wake na kile unachoiongezea. Kiazi hushikiliwa na wanga, kikisaidiwa na chokoleti. Ukilielewa hili, huhitaji kujaribu kwa kubahatisha ili kujua kitonge kipi kitaharibika mezani siku ya sherehe.

Nianze na kitonge cha tui, kwa kuwa hicho ndicho kinachokaribia zaidi kile ambacho wapishi wa Ulaya hukitengeneza kwa malai ya maziwa. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka: sehemu mbili za chokoleti kwa sehemu moja ya tui kwa uzito, yaani gramu 200 za chokoleti nyeusi kwa mililita 100 hivi za tui, ambazo hutoa vitonge vidogo 20 kwa makadirio. Chokoleti hukatwakatwa vipande vidogo sana kwa kisu, tui huchemshwa hadi linapoanza kutoa mapovu pembeni mwa sufuria, kisha humiminwa juu ya chokoleti na kuachwa kwa dakika tatu bila kuguswa. Baada ya hapo mpishi hukoroga polepole kuanzia katikati kuelekea pembeni mpaka mchanganyiko uwe laini na wenye kung'aa. Ukiwekwa ndani ya jokofu kwa saa mbili huwa mgumu wa kutosha kuchotwa kwa kijiko na kuviringishwa.

Tui lenyewe lahitaji uangalifu. Nazi hazizaliwi huku kwetu; husafirishwa kutoka pwani, na hukaa safarini na sokoni kwa siku nyingi, hivyo ni vyema kuitikisa nazi usikie maji ndani yake na kukagua macho yake kama yana unyevu au ukungu. Ukiikuna kwa mbuzi, tumia tui la kwanza pekee, lile la kasimile linalokamuliwa kwa maji kidogo ya moto, kwa sababu tui la pili lina maji mengi na litaifanya chokoleti isigande kabisa. Tui la kopo au la boksi ni rahisi zaidi: liweke kwenye jokofu usiku kucha bila kulitikisa, kisha uchote sehemu nzito iliyopanda juu. Kwa kitonge hiki napendelea tui la kopo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba tui la nazi iliyokunwa nyumbani huchacha haraka sana katika joto letu, na uchachu huo hauwezi kufichwa na chokoleti.

Wapo wanaokata tamaa pale mchanganyiko unapokatika, mafuta yakaelea juu na chini kukabaki uji wenye chembechembe. Hilo hutokea tui likiwa la moto kupita kiasi au likiwa na mafuta mengi kuliko maji yake, na mara nyingi huponywa kwa kuongeza kijiko kimoja cha tui jepesi lenye uvuguvugu na kukoroga kwa nguvu. Jambo la kuogopwa zaidi ni tone la maji au mvuke kuingia ndani ya chokoleti inayoyeyushwa peke yake, kwa sababu maji machache huifanya sukari na unga wa kakao kushikana na kuwa bonge kavu. Anayeyeyusha chokoleti kwa bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto ahakikishe kwamba bakuli ni pana kuliko sufuria na kwamba maji hayatokoti.

Hakuna kitonge kinachokifikia hiki kwa ulaini mdomoni. Hata hivyo ndicho ghali kuliko vyote, ndicho kinachotegemea umeme kuliko vyote, na mchana wa Oktoba nisingethubutu kukiacha mezani zaidi ya nusu saa. Ndani ya jokofu hukaa vizuri kwa takriban wiki moja.

Hapo ndipo tende inapopata nafasi yake. Tende si ngeni katika mji huu. Tangu zama za misafara iliyopita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, kwenda Ujiji, watu wa hapa wameishi na tamaduni za chakula kutoka pwani na ng'ambo ya bahari, na kila Ramadhani meza za futari huwa na tende. Kwa vitonge, chukua gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, gramu 100 za karanga au korosho zilizokaangwa bila mafuta, vijiko vitatu vikubwa vya unga wa kakao na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole. Tende laini hazihitaji maandalizi. Zilizokauka zilowekwe katika maji ya moto kwa dakika kumi, kisha zichujwe na kukaushwa kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yatakayobaki ndani yake ndiyo yatakayofanya vitonge vinate mikononi na kuharibika mapema.

Blenda inasaidia, lakini ndogo za nyumbani hupata shida na tende na mota yake huweza kuungua. Kwa kazi hii kinu na mchi havina mpinzani. Twanga karanga kwanza mpaka ziwe chenga ndogo, uzitoe, utwange tende mpaka ziwe bonge moja, kisha urudishe karanga pamoja na kakao na chumvi na kuendelea kutwanga hadi mafuta ya karanga yaanze kung'arisha mchanganyiko. Paka viganja mafuta kidogo, viringisha, na uzungushe kila kitonge ndani ya kakao, nazi kavu au ufuta uliokaangwa. Kazi yote haihitaji moto zaidi ya ule wa kukaangia karanga, wala jokofu.

Sababu ya kitonge cha tende kudumu ni sukari. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, nayo huyashika maji kiasi kwamba vijidudu vya uharibifu hukosa unyevu wa kutumia. Vikifungwa vizuri katika chombo kisichopitisha hewa, vitonge hivi hukaa siku kadhaa nje ya jokofu na wiki mbili au zaidi ndani yake. Lakini sukari hiyohiyo inanilazimu kusema wazi kwamba si haki kuviuza au kuvigawa kwa jina la vitonge visivyo na sukari, kama ambavyo nimeona vikisifiwa. Havikuongezwa sukari, ndiyo, na vina nyuzinyuzi ambazo peremende hazina. Ila mgonjwa wa kisukari anayevila bila kuhesabu anaweza kudhurika, na anayemkaribisha anawajibika kumweleza.

Upungufu wake wa pili ni wa ladha. Mtu aliyezoea chokoleti atatambua tende mara moja, na kakao ikiwa kidogo kitonge hubaki kuwa tende iliyopakwa rangi. Dawa yake ni kuongeza kakao, chumvi, na ukipenda, nusu kijiko cha chai cha kahawa iliyosagwa laini sana, ambayo huongeza uchungu unaohitajika. Kahawa ya Kigoma inafaa hapa.

Kuhusu kakao yenyewe, kumbuka kwamba unga wa chokoleti wa kunywa si unga wa kakao. Ule wa kunywa kwa kawaida una sukari nyingi, na mara nyingi una unga wa maziwa. Unga halisi wa kakao hupatikana baada ya mbegu kukaangwa, kusagwa na kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta yake, kwa njia ambayo chanzo chake ni mashinikizo ya Van Houten ya Uholanzi ya mwaka 1828. Upo wa asili, wenye rangi ya udongo mwekundu na uchachu kidogo, na upo uliotiwa alkali, wenye rangi nzito na ladha tulivu. Kwenye keki tofauti hiyo huathiri kuumuka; kwenye vitonge visivyookwa chagua kwa ulimi wako. Inasikitisha kwamba Tanzania inalima kakao, hasa Kyela mkoani Mbeya, na sehemu kubwa ya mbegu hizo huenda nje zikiwa kavu tu, bila kusindikwa, ilhali mpishi wa Tabora ananunua kopo lililosafiri kutoka mbali. Anayepata kakao ya Kyela iliyosagwa nchini asisite kuichukua.

Kwa upande wa chokoleti ya vipande, weusi wake usikutoshe kama ushahidi. Soma orodha ya viambato mpaka mwisho. Chokoleti nyeusi ya kweli huwa na kakao, siagi ya kakao, sukari na pengine lesithini ya soya, kiambato cha mmea kinachosaidia mchanganyiko kuwa laini. Ukiona unga wa maziwa, protini za maziwa au mafuta ya siagi, iache. Onyo kwamba kiwanda hicho husindika pia maziwa ni jambo jingine: kwa anayekula mimea kwa hiari huenda lisimzuie, lakini kwa mwenye mzio wa maziwa ni hatari, na uamuzi ni wake, si wa mpishi.

Kitonge cha karanga ndicho cha gharama ndogo kuliko vyote, na karanga ni zao la nyumbani. Wazee wa Urambo wanajua habari za mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Mradi ulikufa, lakini karanga za wakulima wadogo zimeendelea kujaa sokoni. Changanya gramu 200 za siagi ya karanga isiyo na maji, vijiko vinne vikubwa vya kakao, gramu 60 za sukari iliyosagwa iwe unga, na chumvi. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, ongeza karanga zilizotwangwa au biskuti zisizo na maziwa zilizopondwa. Usiongeze unga mbichi wa ngano, kwa kuwa haukupikwa na hautapikwa.

Uangalifu mkubwa hapa uko kwenye uteuzi wa karanga. Kuvu wanaoota kwenye karanga zilizokaushwa vibaya hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Nunua karanga nzima, uzichambue kwa mkono juu ya ungo mweupe, na utupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Kwa sababu hiyohiyo, heri kusagisha karanga zako mwenyewe kuliko kununua siagi iliyokwisha kusagwa ambayo huwezi kujua ilianzia wapi. Tena, usimpe mtu kitonge cha karanga, wala cha tende kilichotiwa karanga, kabla ya kumuuliza kama ana mzio nazo.

Kwa ladha, kitonge hiki kinakaribia kashata kuliko chokoleti, jambo ambalo watoto hawalalamikii. Kwa uthabiti kipo katikati: kwenye joto kinalegea na kuacha mafuta kwenye karatasi, lakini hakimwagiki.

Kiazi kitamu nitakieleza kwa ufupi. Gramu 250 za kiazi kilichopikwa na maganda yake kwa mvuke ili kisinywe maji, kikapondwa kikiwa moto na kuchanganywa na gramu 150 za chokoleti nyeusi, hutoa vitonge vingi vyenye utamu wa wastani, na viazi lishe vya rangi ya chungwa huvipa vitamini A. Tatizo ni unyevu. Havistahimili kukaa nje, na hata kwenye jokofu nisingevingoja zaidi ya siku tatu. Vinafaa kwa familia kubwa inayovila siku hiyohiyo. Michembe iliyosagwa, ambayo ni kiazi kilichokwisha kukaushwa, haiwezi kuchukua nafasi yake hapa, kwa kuwa ni mibichi na yenye chengachenga.

Wasomaji wa Kigoma wanaweza kuuliza kuhusu mawese. Kwa samaki na maharage hayana mfano, lakini rangi na harufu yake huifunika kakao kabisa, kwa hiyo kwa vitonge nayaweka pembeni.

Asali ni suala zito zaidi, kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na kwingineko huijaza mizinga, na mtu anayetaka kukoleza kitonge cha karanga atanyoosha mkono kuelekea chupa ya asali kabla ya kitu kingine chochote. Kwa matumizi hushinda sukari: hulainisha, hushikanisha, na huchelewesha kuharibika. Lakini nyuki ni mnyama, na wanaoshika msimamo wa mimea pekee kwa ukamilifu hawali asali. Mpishi mwenye heshima hawezi kusema kwamba kijiko kimoja si kitu. Kama unapika kwa ajili ya watu wa nyumbani wanaokwepa maziwa tu, tumia asali na ufurahie, isipokuwa kwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja, ambaye hapaswi kupewa asali kabisa. Kama unapika kwa ajili ya mgeni asiyekula vitu vya wanyama, tumia tende zilizopondwa na maji ya moto kidogo au sukari guru iliyosagwa.

Kwa nyumba isiyo na jokofu, chaguo langu ni tende bila kusita, na karanga ikiwa fedha ni haba. Katika miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, unaweza kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, ukajaza mchanga uliolowa katikati na kufunika kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka hupunguza joto la ndani kiasi cha kukisaidia kitonge cha karanga, ingawa hayatoshi kwa kile cha tui. Mvua zikishaanza na hewa kuwa nzito, njia hiyo hupungua nguvu sana.

Kwa harusi au sherehe ya jioni penye umeme wa uhakika, tengeneza vya tui na uvitoe dakika kumi kabla ya kuandaliwa. Usihangaike kuvichovya ndani ya chokoleti iliyoyeyushwa ili vipate ganda gumu, kwa kuwa chokoleti isiyopoozwa kwa utaratibu wake hupata madoa meupe na kuonekana kama iliyochakaa. Kakao ya kuzungushia inapendeza na haidai ustadi huo. Anayetaka kuuza vitonge mtaani, iwe Ng'ambo au Isevya, aanze na vya karanga, avifunge kimoja kimoja, na asiongeze maji hata kidogo, kwa kuwa matone machache huifanya siagi ya karanga iwe nzito kwa haraka lakini huleta ukungu siku zikipita.

Na kama zawadi inasafiri kwa treni kutoka hapa kwenda Kigoma, Mpanda au Mwanza, ambako mzigo hukaa kwenye behewa lenye joto kwa saa nyingi, tuma vya tende pekee. Vipange kwenye kopo la bati kwa tabaka, kila tabaka litengwe na karatasi ya kuokea, uvizungushe kwenye ufuta badala ya kakao kwa sababu kakao hunyonya jasho la kopo na kuwa tope. Juu ya kifuniko andika viambato vyote na tarehe ya kutengenezwa, karanga na korosho zikitajwa mwanzo kabisa.